Elsa Lanchester: dakika tano za Bibi Harusi wa Frankenstein, miaka sitini ya jukwaa (uzi mrefu)

Pazia Jekundu:

Wakuu, salaam.

Kila uzi wa filamu za kutisha ukianzishwa humu, hazipiti kurasa mbili kabla mtu hajapandisha picha ya yule mwanamke mwenye nywele zilizosimama wima, zenye michirizi miwili myeupe pembeni. Sura wengi wanaijua, jina hawalijui. Kuna hata wanaodhani ni mchoro tu wa katuni. Ni Bibi Harusi wa Frankenstein, na mwigizaji aliyemcheza anaitwa Elsa Lanchester. Alizaliwa Lewisham, London, tarehe 28 Oktoba 1902, na alifariki California tarehe 26 Desemba 1986. Nimeamua kumwandikia uzi wake mwenyewe, kwa sababu kila anayemtaja anaanza na nywele na kuishia kwenye nywele.

Naanza na mama yake. Mtaniambia tumekuja kwa Elsa, lakini nivumilieni, mtaona nilikuwa naelekea wapi.

Mama aliitwa Edith Lanchester. Baba yake Edith alikuwa msanifu majengo mwenye uwezo, na mmoja wa kaka zake ni Frederick Lanchester, yule mhandisi aliyekuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuunda magari Uingereza. Familia yenye jina na heshima zake. Edith akasoma, akajitosa kwenye siasa za kisoshalisti, akafanya kazi ya ukatibu kwa Eleanor Marx, binti yake Karl Marx. Mwaka 1895, akiwa na miaka 24, akawaambia wazazi kwamba anakwenda kuishi na mpenzi wake, James Sullivan, mtu wa tabaka la wafanyakazi, na kwamba ndoa hawatafunga. Bwana hakuwa amemkatalia. Edith mwenyewe ndiye hakutaka, kwa sababu aliona mke kisheria na kidesturi anakabidhiwa kwa mume, na yeye hakuwa tayari kukabidhiwa kwa mtu.

Oktoba ya mwaka huo baba na kaka zake wakamfuata alikopanga, Battersea, wakiwa na daktari wa magonjwa ya akili aitwaye George Fielding Blandford. Daktari akaongea naye kidogo, akasaini karatasi kwamba huyu ni mwendawazimu. Edith akakokotwa, akaingizwa kwenye gari la farasi, akapelekwa Priory, hospitali ya binafsi ya wagonjwa wa akili kule Roehampton. Kwenye sehemu ya kujaza chanzo cha ugonjwa, daktari akaandika kwamba ni elimu kupita kiasi. Hoja yake ilikwenda hivi: mtu akitishia kujiua, sheria inaniruhusu kumfungia, mwanamke akiishi na mwanaume bila ndoa anajiua kijamii, basi na huyu naruhusiwa kumfungia.

Wenzake wa chama wakaja juu, mbunge John Burns akaingilia kati, magazeti yakashupalia. Wakaguzi wa serikali wakampima wakamkuta ana akili zake timamu. Baada ya siku nne akatoka, akaenda moja kwa moja kwa Sullivan wake, na wakakaa pamoja maisha yao yote bila cheti cha ndoa. Wakapata watoto wawili, Waldo na Elsa.

Ishikeni hiyo habari. Naendelea jioni.

Mwana wa Kipwani:

Mkuu tiririka, nimeshaweka mkeka hapa.

Mama Wawili:

Elimu kupita kiasi! Nimesoma mstari huo mara mbili. Na daktari msomi ndiye aliyeuandika. Endelea kaka, hii si habari ya filamu tena.

Pazia Jekundu:

Ni ya filamu dada yangu, tutafika.

Sasa Elsa. Utoto wake ulikuwa wa kuhamahama kwenye vyumba vya kupanga, mikutano ya chama, nyumba isiyo na dini, mama anayemwambia mtoto asikubali kitu kwa sababu tu watu wamekubali. Akiwa mdogo alipelekwa Ufaransa, kwenye shule ya Isadora Duncan, yule Mmarekani aliyekuwa anacheza dansi pekupeku na kuigeuza dansi ya wakati wake. Elsa hakuvutiwa naye hata kidogo, na alisema hivyo mpaka uzeeni. Vita Kuu ya Kwanza ilipolipuka mwaka 1914 akarudi London. Lakini mwili ulishafundishwa, na bado akiwa binti mdogo akaanza kufundisha watoto wengine dansi ili apate chochote. Baada ya vita akaanzisha jukwaa la watoto pale Soho.

Halafu ikaja Cave of Harmony. Hii ni klabu ya usiku aliyoianzisha miaka ya 1920 pamoja na mwigizaji Harold Scott. Watu walikuja usiku wa manane, baada ya kumbi kubwa kufungwa, kutazama michezo mifupi na kumsikiliza Elsa akiimba nyimbo za zamani za enzi ya Malkia Victoria, zile za kilio na mawaidha ya ulevi, anaziimba na uso mkavu mpaka ukumbi unapasuka kwa kicheko. Pale walikuwa wanapita waandishi kama H.G. Wells, Aldous Huxley na Evelyn Waugh. Na alikuwa anapita kijana mmoja wa jukwaani aitwaye James Whale. Jina hilo mtalikuta tena mbele.

Mwaka 1923 alikuwa kwenye mchezo wa wadudu wa ndugu wawili wa Kicheki, Karel na Josef Čapek, yeye akicheza buu. Mwaka 1928 H.G. Wells akamtungia filamu tatu fupi zisizo na sauti, akazielekeza Ivor Montagu. Zitafuteni mkiweza. Mtaona msichana mwembamba, macho makubwa, pua imechongoka, nywele nyekundu zilizovurugika (filamu ni nyeusi na nyeupe, rangi yake naijua kwa kusoma), na mwili ambao kila kiungo kinafanya kichekesho chake.

Kachero wa Sinema:

Mkuu, heshima kwako, ila tuseme ukweli. Huyu mama alibebwa na mumewe. Charles Laughton ndiye aliyekuwa nyota. Bila Laughton asingefika Hollywood.

Pazia Jekundu:

Mkuu Kachero, hoja yako naiheshimu kwa sababu hata magazeti ya wakati wake yaliisema. Tuangalie tarehe basi.

Elsa na Laughton walikutana mwaka 1927 kwenye mchezo wa Arnold Bennett, Mr Prohack, London. Wakaoana 1929. Kufikia 1927 Elsa alikuwa na klabu yake, ametoa sahani za santuri, na waandishi wakubwa wa London wanakesha kwenye ukumbi wake. Laughton alikuwa ndio kwanza ametoka chuo cha uigizaji. Walikutana njiani, kila mmoja akiwa na mzigo wake.

Baada ya hapo ni kweli Laughton alipanda kwa kasi ya ajabu. Mwaka 1931 walikuwa pamoja kwenye Payment Deferred, London kisha New York, mume na mke wakicheza baba na binti. Kampuni ya filamu ikamtaka Laughton, na mchezo huohuo ulipogeuzwa filamu nafasi ya binti akapewa mwingine. Mwaka 1933 ikaja The Private Life of Henry VIII, Laughton akashinda Oscar. Humo Elsa ni Anne wa Cleves, mke wa nne.

Nendeni mkaangalie usiku wa harusi kwenye filamu ile. Bibi harusi hataki kuguswa na mfalme, ana mpenzi wake mwingine. Kwa hiyo anajikunja uso makusudi, anavuta mdomo pembeni, anaongea lafudhi nzito, anamfanya mfalme akate tamaa mwenyewe. Kisha wanakaa kitandani wanacheza karata, na kwenye karata hizo anamla pesa na kupata talaka yake. Laughton ndiye mwenye filamu, lakini kipande hicho kimechukuliwa na mkewe chote.

Kisha kabla hawajarudi Hollywood walikwenda Old Vic, ukumbi wa michezo wa London, msimu wa 1933 hadi 1934, chini ya muongozaji Tyrone Guthrie. Old Vic haikuwa na pesa. Ulikwenda pale kujipima na Shakespeare. Elsa akacheza Ariel kwenye The Tempest, yaani kiumbe wa hewani, si mtu, si ndege, mtumwa wa mchawi anayedai uhuru wake. Mumewe alikuwa Prospero, huyo mchawi mwenyewe. Mwigizaji anayetafuta namna ya kusimama jukwaani bila kuonekana binadamu, hapo ndipo alipofanyia mazoezi, miezi kumi na michache tu kabla ya kuvishwa zile bandeji za Bibi Harusi.

Mwana wa Kipwani:

Kachero, umejibiwa kwa tarehe. Sema neno.

Kachero wa Sinema:

Kuhusu tarehe nakubali. Kuhusu Hollywood bado nasimama pale pale, mlango ulifunguliwa na jina la mume. Endelea mkuu.

Pazia Jekundu:

Mlango, sawa, nakupa. Studio ya MGM ilimchukua ikampa vipande vidogo, David Copperfield na Naughty Marietta, ambavyo hata yeye havikumsisimua. Aliyemwita kwa ajili ya alichokuwa nacho ni James Whale.

Whale alikuwa amekwenda Hollywood na mwaka 1931 akaelekeza Frankenstein kwa ajili ya Universal, Boris Karloff akiwa Zimwi, yule kiumbe aliyeumbwa na daktari Frankenstein. Pesa zikamiminika, studio ikataka ya pili. Whale hakuitaka kwa muda mrefu, na alipokubali akaitengeneza anavyotaka yeye. Ilitoka mwaka 1935: The Bride of Frankenstein.

Kwa ambao hawajaiona: Zimwi halikufa. Linazunguka porini, linapigwa mawe, linafundishwa kuongea na kipofu mmoja mpiga fidla, na kitu pekee linachotaka ni rafiki. Daktari mzee, Pretorius, amechezwa na Ernest Thesiger, anamlazimisha Frankenstein amuumbie Zimwi mke. Filamu ina dakika kama 75. Mke anaonekana akiwa hai kwenye dakika tano za mwisho, hata hazitimii. Hatamki neno hata moja. Na hao wote wengine, Karloff, Thesiger, Colin Clive aliyecheza Frankenstein, ukifunga macho, anayekujia kwanza ni yeye.

Namna alivyotengenezwa. Mtu wa mekapu alikuwa Jack Pierce, aliyemtengeneza Karloff pia. Elsa ameeleza kuwa Pierce alifanya kazi kwa kujiona yeye ndiye muumbaji wa watu hao, na alitumia muda mwingi mno kuchora kovu chini ya kidevu ambalo kwenye filamu linaonekana kwa shida. Nywele, watu wengi hudhani ni wigi zima. Hapana. Nywele zake mwenyewe za utosini zilisukwa misuko minne midogo iliyokazwa, juu ya misuko hiyo kikafungwa kizimba kidogo cha waya, kisha nywele zake zikachanwa kwenda juu kukifunika kile kizimba. Ile michirizi myeupe ndiyo iliyoongezwa. Umbo la kichwa lilichukuliwa kwa Nefertiti, malkia wa Misri ya kale, mwenye ile sanamu maarufu iliyopo Berlin. Mwili ukafungwa bandeji mpaka kwenye vidole, na kwa kuwa kwenda chooni ukiwa umefungwa hivyo ni kazi ya watu wawili, alikuwa anajinyima maji siku nzima ya kazi.

Sasa angalieni anavyofunuliwa. Pretorius upande huu, Frankenstein upande ule, wanalitandaza lile vazi jeupe refu, na muziki wa Franz Waxman unapiga kengele za harusi. Kengele za harusi! Hakuna aliyemuuliza bibi harusi. Ameumbwa dakika hiyo, na bwana harusi anasubiri mlangoni.

Fundi Jukwaa:

Wakuu, naomba niongeze kidogo kwa sababu hii ndiyo kazi yangu, nafundisha uigizaji wa jukwaani. Nimekuwa nikiwaonyesha wanafunzi kipande hiki bila sauti.

Tazameni kichwa chake. Binadamu akigeuka, macho hutangulia, kichwa hufuata, mabega yanamalizia. Yeye kichwa kinakatika ghafla, tap, kinasimama. Tap, upande mwingine. Macho yamebaki wazi, hayatafuti kitu, yanapokea tu. Ni mtu ambaye hajawahi kuona chochote na anaona kila kitu kwa mara ya kwanza. Mikono haijui iwekwe wapi. Hatua zake zinayumba lakini mgongo umenyooka kabisa, maana mcheza dansi hata akiigiza kuyumba uti wa mgongo haumwachi. Halafu Whale anakata picha: karibu, karibu zaidi, pembeni, chini. Kila mkato unaangukia kwenye mshtuko mpya wa shingo. Huwezi kumpata mwanamitindo mzuri wa sura ukamwambia afanye hivyo. Lazima awe amelala na kuamka na kazi ya mwili kwa miaka.

Alichosema Pazia kuhusu Ariel nakiunga mkono. Mimi ningeongeza na yule buu wa 1923.

Mama Wawili:

Na ule mlio? Ule anaoutoa mwishoni kama nyoka. Usiku ule nilipoiona sikulala vizuri.

Pazia Jekundu:

Fundi, asante sana, hapo umenifundisha kitu kuhusu mgongo.

Dada, si nyoka, ni batamaji, wale bata weupe wakubwa wenye shingo ndefu. Elsa alieleza mwenyewe. Yeye na Charles walikuwa wanakwenda kuwatazama kwenye ziwa la bustani ya Regent's Park, London. Watu wanawaona wazuri wanavyoelea, yeye akasema ni viumbe wakali, ukiwasogelea wanakufokea kwa ile pumzi ya kooni. Akaichukua hiyo pumzi akaitunza, na siku ilipotakiwa akaitoa. Mafundi sauti nao wakachukua baadhi ya milio na mayowe yake wakayapiga kinyumenyume na kuyachanganya, ndiyo maana sikio linakataa kuyatambua.

Jambo jingine ambalo wengi hawalioni: Elsa yumo mara mbili kwenye filamu hiyo. Mwanzoni kabisa, usiku wa radi, kuna mabwana wawili na binti mmoja mrembo anadarizi. Mabwana ni washairi Byron na Percy Shelley, na binti ni Mary Shelley, aliyekitunga kisa cha Frankenstein tangu usiku zile za mwaka 1816 kando ya ziwa Geneva na kukichapisha 1818. Binti huyo ni Elsa. Whale alisisitiza mwanamke awe mmoja, yule mtulivu wa mwanzoni na yule wa kutisha wa mwishoni. Kwa mujibu wa Elsa, Whale alitaka ionekane kwamba ndani ya mwanamke mpole mwenye sura tamu kunaweza kukaa kitu kikali. Kwenye orodha ya majina ametajwa kwa nafasi ya Mary tu. Kwenye nafasi ya mke wa Zimwi imewekwa alama ya kuuliza, kama walivyomfanyia Karloff mwanzoni mwa ile ya 1931.

Na sasa turudi kwa Edith. Mary Shelley ni binti wa Mary Wollstonecraft, mwandishi aliyedai haki za wanawake tangu 1792. Anayemwigiza ni binti wa Edith Lanchester, aliyefungwa na ndugu zake kwa sababu amekataa kuwa mke. Dakika sabini baadaye binti huyohuyo anatolewa kwenye bandeji ili akabidhiwe kwa mume aliyechaguliwa na madaktari wawili. Zimwi linamshika mkono kwa upole, kwa kweli kwa upole mno, linambembeleza. Yeye anapiga yowe. Linajaribu tena. Anapiga yowe tena.

Ninavyoona mimi, yowe lile halitoki kwenye karatasi ya mwandishi wa filamu. Linatoka Battersea, mwaka 1895.

Kachero wa Sinema:

Hapo mkuu nadhani umekwenda mbali. Yowe liliandikwa. Muongozaji ni Whale, na kukataliwa kwa Zimwi ndiyo maana nzima ya kisa, machozi ya watazamaji ni ya Karloff. Bibi harusi anapiga yowe kwa sababu Zimwi ni baya. Hata wanakijiji wote wamepiga yowe filamu nzima. Mama yake Elsa anaingiaje?

Pazia Jekundu:

Swali zuri, na sidai kuwa Elsa aliwahi kusema hivyo. Ni usomaji wangu. Lakini nipe sababu zangu.

Wanakijiji wanapiga yowe halafu wanakimbia. Yeye hana pa kukimbilia, na hafanyi kama wao. Anarudi nyuma, anasimama, na lile yowe la pili lina hasira ndani yake. Na kabla Zimwi halijavuta ule mkono wa mtambo utakaolipua jengo, jambo la mwisho analofanya si kulia wala kuomba. Analifokea kwa ile pumzi ya batamaji. Mwanamke aliyeogopa tu angejikunyata. Machozi ni ya Karloff, nakubali, nami kila nikiitazama Zimwi linanitoa machozi. Lakini ukimhurumia Zimwi mpaka ukasahau kwamba kuna mtu wa pili chumbani ambaye hajaulizwa, basi umetazama nusu ya kipande.

Na hii haikuwa mara ya kwanza kwake. Anne wa Cleves, miaka miwili nyuma, ni bibi harusi aliyekunja uso ili asiguswe. Yule kwa kuchekesha, huyu kwa kutisha. Misuli ya uso ni ileile.

Fundi Jukwaa:

Kachero, muongozaji anaweza kukuambia piga yowe. Hawezi kukuambia ulitoe wapi. Hilo ni la mwigizaji peke yake.

Kachero wa Sinema:

Nitaitazama tena wiki hii nikiwa na hoja zenu mkononi. Sijakubali bado.

Mwana wa Kipwani:

Baada ya hapo vipi? Maana watu wa filamu za kutisha wengi huishia kupewa uzimwi mpaka kufa.

Pazia Jekundu:

Yeye haikuwa hivyo, na sababu ni jukwaa.

Mwaka 1936 alikuwa ameshavua bandeji na anacheza Peter Pan kwenye jukwaa la London Palladium, Laughton akiwa Kapteni Hook. Mwaka huohuo wakafanya filamu ya Rembrandt. Vita ya pili ilipokuja wakawa wameshahamia Marekani, na 1950 wakachukua uraia.

Ila kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya Turnabout Theatre, Los Angeles, iliyofunguliwa 1941. Ukumbi mdogo, una majukwaa mawili, moja kila mwisho. Viti vilitoka kwenye tramu kuukuu, vile ambavyo mgongo wake unausukuma ukaangalia upande mwingine. Sehemu ya kwanza mnatazama vikaragosi upande mmoja. Mapumziko. Kisha kila mtu anageuza kiti chake, na upande wa pili anatoka Elsa peke yake na piano, anaimba nyimbo alizotungiwa na Forman Brown. Alifanya hivyo kwa karibu miaka kumi. Mchana studio, usiku pale. Hiyo ndiyo Cave of Harmony imefufuka California. Na vikaragosi havikuwa vigeni kwake, kwani kaka yake Waldo alikuwa bingwa wa vikaragosi Uingereza, kiasi kwamba George Bernard Shaw alimtungia mchezo mwaka 1949 kwa ajili ya vikaragosi vyake.

Kwenye filamu aliteuliwa kuwania Oscar mara mbili kama mwigizaji msaidizi: Come to the Stable ya 1949, na Witness for the Prosecution ya 1957. Hiyo ya pili iliyoelekezwa na Billy Wilder msiikose. Laughton ni wakili mgonjwa mkaidi, Elsa ni muuguzi anayemfuata na dawa na marufuku ya sigara. Wameoana miaka 28, na kila jibu linarudi limenolewa. Golden Globe alipata, Oscar hapana.

Kuhusu ndoa yenyewe nitasema kwa ufupi, kwa sababu ameiandika mwenyewe kwenye kitabu chake cha 1983 na hakuna haja ya kuichokonoa. Mumewe alipenda wanaume. Elsa alijua, akaamua kubaki, na ndoa ikaenda mpaka Laughton alipofariki Desemba 1962. Miaka miwili hivi kabla ya hapo Laughton ndiye aliyemwelekeza kwenye onyesho lake la peke yake jukwaani. Wanaotaka kumhukumu mmoja wao wasome kitabu kizima kwanza.

Uzeeni kutisha kulimrudia. Willard ya 1971, ile ya panya, yeye ni mama anayemng'ang'ania mwanawe kwenye nyumba inayooza. Ni kazi nzuri, na ya kutisha kweli kwa sababu mama huyo anampenda mwanawe. Zile mbili za 1973, Arnold na Terror in the Wax Museum, sitawasukuma kuzitafuta. Watoto walimjua kwa jambo jingine kabisa: yeye ndiye yaya anayeondoka kwa hasira mwanzoni mwa Mary Poppins ya 1964. Dakika chache tena! Bila hasira zile hakuna kazi ya kujazwa na filamu haianzi.

Mama Wawili:

Yule yaya ni yeye? Wanangu wameitazama ile filamu mpaka wameikariri. Kaka, nipe mpangilio, nianzie wapi? Na Frankenstein ya kwanza ni lazima?

Pazia Jekundu:

Si lazima, ila itakusaidia kumwelewa Zimwi, na ni fupi. Mpangilio wangu ungekuwa hivi: tazama usiku wa harusi kwenye Henry VIII, kisha siku inayofuata The Bride of Frankenstein yote, usiruke mwanzo wenye Mary Shelley. Ukipumzika, Witness for the Prosecution. Willard iache ya mwisho, na siku hiyo watoto wawe wamelala. Ukiitazama The Bride, kipande cha mwisho kirudie bila sauti kama alivyosema Fundi, halafu njoo hapa utuambie yowe la pili umelisikiaje. Kachero naye ameahidi kurudi.